Darubini Ije Mwisho

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, roketi ya aina ya Scout ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani yenye kazi moja tu, kupima miale ya eksirei inayotoka angani. Kwa kuwa siku ilikuwa ya sikukuu ya wenyeji, setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Hadi iliponyamaza mwaka 1973, vipimo vyake vilikuwa vimetoa orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo, na habari zake kuhusu chanzo kimoja kiitwacho Cygnus X-1 zilikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza wenye uzito kwamba mashimo meusi yapo kweli, si hesabu za karatasini tu. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Ngomeni ilipata nini? Ilipata jina. Jukwaa liliwekwa pale kwa sababu karibu na ikweta roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe zenye chaji ambazo huvuruga vipimo. Waitaliano walijenga jukwaa, Wamarekani wakaleta chombo, na data ikachambuliwa Massachusetts. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa ndiyo kwanza kimepata hadhi ya chuo kamili mwaka huohuo. Roketi ya mwisho iliruka pale mwaka 1988. Kituo kipo hadi leo, kinapokea mawimbi ya setilaiti za watu, na mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa sahihi mwaka 2016 baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba mwenye pwani hafaidiki vya kutosha.

Habari ya Uhuru husimuliwa kama fahari. Mimi naisoma kama onyo kwa yeyote anayepanga miaka 30 ijayo ya astronomia katika nchi isiyo tajiri. Kifaa kinaweza kukaa kwako, kikaitwa kwa lugha yako, kikabadilisha sayansi ya dunia nzima, na wewe ukabaki mlinzi wa lango. Kinachozuia hilo ni watu wenye ajira ya kudumu, wanaojua kukitumia na wenye haki ya kukitumia. Hao hawapatikani kwa tangazo la zabuni.

Lakini kwanza kuna swali ambalo huulizwa kila astronomia inapotajwa mbele ya kamati ya bajeti: tutakula nyota? Ni swali halali, na watetezi wengi hulijibu vibaya. Wanataja faida za pembeni, kwamba mbinu zilizobuniwa na wataalamu wa redio wa Australia zilichangia intaneti isiyotumia waya, au kwamba kamera za simu zina asili yake kwenye kamera za vyombo vya anga. Ni kweli, lakini hoja hiyo humpa mbunge ruhusa ya kujibu kwamba basi tununue simu. Afrika Kusini ilijibu kwa namna nyingine. Katika waraka wake wa sera ya sayansi wa mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, serikali iliyokuwa na mahitaji mengi ya nyumba na maji iliamua kwamba kuachana na sayansi kama astronomia ni kukubali mapema kuwa taifa la daraja la pili. Lilikuwa jibu la kisiasa, nalo likazaa matunda kwa sababu lilifuatwa na mipango.

Mipango hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Darubini kuu ya SALT, iliyoko Sutherland katika nyanda kavu za Karoo, ilifunguliwa na Rais Thabo Mbeki Novemba 2005. Kioo chake kina upana wa mita 11 hivi, kimeundwa kwa vioo 91 vya pembe sita, kila kimoja kikirekebishwa peke yake. Darubini ya ukubwa huo kwa kawaida ni ghali mno. Hii ilikuwa nafuu kwa sababu waundaji walikubali kuacha kitu: kioo hakiinuki wala hakishuki, kimeegemea pembe moja daima, na ni kifaa cha kupokea mwanga kilicho juu yake kinachosogea kufuata nyota. Wazo lilichukuliwa kutoka darubini ya Texas na kuboreshwa. Anga yote haifikiki, lakini sehemu kubwa inafikika, kwa sehemu ndogo ya gharama.

Mgawanyo wa fedha una funzo kubwa zaidi. Mpango wa awali ulikuwa wa dola milioni 36 hivi za Marekani. Kati ya hizo milioni 20 zilikuwa za kujenga, milioni 6 za vifaa vya kupimia, na milioni 10 zilitengwa kabisa kwa kuendesha darubini katika miaka 10 ya kwanza. Umeme, mishahara, vipuri na kuosha vioo vilihesabiwa kabla ya msingi kumwagwa. Nchi kadhaa zilichangia, na Afrika Kusini ikabaki na theluthi moja hivi. Anayejua jinsi mashine za hospitali zetu zinavyokaa chini ya turubai kwa kukosa kipuri cha shilingi elfu chache ataona mara moja kwa nini natilia mkazo hizo milioni 10.

Hata hivyo mambo hayakwenda sawa. Baada ya sherehe picha zilitoka na ukungu pembeni, na chombo muhimu cha kuchanganua mwanga kikalazimika kurudishwa Marekani kutengenezwa. Kasoro ya picha ilikuwa mahali ambapo kifaa cha kusahihisha taswira kinaungana na mwili wa darubini. Kazi ya kisayansi ilianza kwa ukamilifu mwaka 2011, miaka karibu 6 baada ya utepe kukatwa. Kama Sutherland isingekuwa na wahandisi wake wenyewe, walioishi na tatizo usiku kwa usiku, darubini ile leo ingekuwa kivutio cha watalii.

Sambamba na chuma, nchi hiyo ilifanya mambo mawili ya kimya. Mwaka 2003 vyuo vikuu vilianzisha programu ya pamoja ya shahada za juu za astrofizikia, yenye makao Cape Town, kwa sababu hakuna chuo kimoja kilichokuwa na walimu wa kutosha na kwa sababu wanaastronomia weusi walikuwa wachache mno. Programu ilipokea pia wanafunzi kutoka sehemu nyingine za Afrika. Mwaka 2007 bunge likapitisha sheria ya kulinda maeneo yenye anga bora dhidi ya taa na mawimbi ya redio. Kwa hiyo iliposhindania SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio, na kupewa sehemu yake mwezi Mei 2012, tayari ilikuwa na vijana na sheria. Darubini yake ya redio ya MeerKAT, yenye madishi 64, ilizinduliwa Julai 2018 na itamezwa ndani ya SKA, ambayo upande wa Afrika itakuwa na madishi 197.

Sisi si Afrika Kusini, na ni vizuri kulisema wazi. Wao wana kituo cha kutazama nyota Rasi ya Tumaini Jema tangu 1820. Kuiga matokeo yao bila historia yao ni kujidanganya. Tunachoweza kuiga ni mpangilio: watu, sheria, fedha za uendeshaji, halafu chombo.

Tazama Ghana. Kule Kuntunse, nje ya Accra, kulikuwa na dishi la mita 32 lililojengwa mwaka 1981 kwa ajili ya simu za kimataifa. Mikongo ya baharini ilipofika, simu ziliacha kupitia angani na dishi likabaki limeelekea juu bila kazi. Wataalamu wa Ghana na Afrika Kusini waliligeuza kuwa darubini ya redio, ikazinduliwa Agosti 2017. Maneno hayo ni rahisi kuandika. Kazi yenyewe ilikuwa kukwangua kutu, kufufua mota na gia ili dishi lenye uzito wa tani nyingi lifuate nyota bila kutetemeka, kuondoa vifaa vya simu na kuweka kipokezi kipya, kisha kuandika programu ya kuliongoza. Moja ya ishara za kwanza kupatikana ilikuwa ya molekuli za methanoli katika masafa ya gigahatzi 6.7, zinazong'aa mahali ambapo nyota kubwa zinazaliwa. Kijana aliyeshiriki kazi hiyo tangu kukwangua kutu hadi kuona ishara ile ikichomoza kwenye skrini amepata elimu ambayo hakuna semina inayoweza kuitoa.

Kenya ina ndugu wa dishi hilo. Kituo cha Longonot, ndani ya Bonde la Ufa, kilianza kuunganisha simu za nje mwaka 1970, na mikongo ilipotua Mombasa mwaka 2009 kikapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Kenya ni mojawapo ya nchi 8 washirika wa Afrika Kusini katika SKA, na Longonot imo katika mpango wa kuunganisha madishi ya Afrika. Ghana ikatangulia, Longonot ikabaki nyuma.

Hasara ya kubaki nyuma huko ni kubwa kuliko inavyoonekana. Madishi mawili yaliyo mbali kwa maelfu ya kilomita, yakitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuongozwa na saa za atomiki, huona kwa ukali ule ambao ungepatikana kwa dishi lenye upana wa umbali huohuo. Kati ya dishi la Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg, na madishi ya Ulaya kuna pengo la bara zima. Longonot ingekaa katikati. Pia mbinu hiyohiyo hupima nafasi ya dishi lenyewe duniani kwa usahihi wa milimita, na Bonde la Ufa linapanuka kwa milimita chache kila mwaka. Nchi inayochimba mvuke wa ardhini Olkaria na kujenga reli juu ya nyufa za ardhi ina haja ya kujua jambo hilo. Kwa maoni yangu hapa ndipo Kenya ingejichagulia ubingwa wake: redio, na upimaji wa bonde. Nchi yenye fedha kidogo haiwezi kufanya kila tawi, na ikijaribu itafanya yote nusunusu.

Lakini kabla ya kusherehekea, ikumbukwe habari ya Hartebeesthoek yenyewe. Dishi lake la mita 26 lilijengwa na NASA mwaka 1961 kufuatilia vyombo vya anga za mbali, likageuzwa kuwa la astronomia mwaka 1975. Mwaka 2008 beringi yake kuu ilivunjika na dishi likasimama hadi 2010. Lilirudi kazini kwa sababu palikuwa na taasisi yenye bajeti na mafundi waliolijua kwa miaka mingi. Dishi la Longonot likiharibika mwaka wa tisa baada ya uzinduzi, wakati waziri aliyekata utepe amesahaulika, nani atasaini hundi ya beringi?

Swali hilo linaturudisha kwa watu. Katika miaka ya karibuni Kenya haijakosa mafunzo. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha shahada ya astronomia na astrofizikia, na mradi wa Uingereza uitwao DARA umefunza vijana wa Kenya na nchi nyingine washirika misingi ya astronomia ya redio, wengine wakapelekwa kusoma uzamili na uzamivu. Mafunzo ya wafadhili yana tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo huamuliwa London, si Nairobi. Anayerudi na shahada ya uzamivu hukuta chuo kimesimamisha ajira, au anapewa vipindi vya fizikia ya mwaka wa kwanza, mamia ya wanafunzi, na kulipwa kwa saa. Baada ya muda anaingia benki kuchambua data za mikopo, au anabaki ng'ambo. Benki imepata mtu hodari, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mpango wa taifa unaohesabu waliofunzwa bila kuhesabu waliobaki.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mtaalamu mmoja wa astronomia huchukua miaka 10 hivi kutengenezwa tangu aanze chuo. Serikali hukaa miaka 5 kabla ya uchaguzi, na ruzuku za nje mara nyingi hazifiki hata hapo. Kila mpango unaotegemea saa mbili hizi fupi utakatika kabla mtu mmoja hajakomaa. Sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, na fedha halisi hazijakaribia kiwango hicho. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa mwaka 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Macho yake yameelekea chini, kwenye picha za mashamba, misitu na mafuriko. Setilaiti ya Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, ni ya kazi hiyo. Sioni ubaya. Lakini astronomia iliyowekwa kuwa dawati dogo ndani ya shirika la namna hiyo itakatwa kwanza kila bajeti ikibana. Makao yake yanayofaa ni kituo cha pamoja cha vyuo vikuu, chenye kifungu chake katika sheria.

Kuhusu mahali pa kuweka darubini, niseme kwa ufupi. Kuwa ikweta kuna maana ya kuona karibu anga yote, kusini na kaskazini, na wapenzi wa darubini za mwanga hulitaja hilo bila kuchoka. Husahau masika, vuli na mawingu ya baridi ya Juni hadi Agosti katika nyanda za juu. Milima mikavu ya Samburu na Marsabit ina matumaini, ila lazima ipimwe kwa miaka, usiku baada ya usiku, kabla ya mtu kuchora jengo. Ethiopia iliweka darubini mbili za mita 1 katika mlima Entoto, mita 3,200 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini juu ya Addis Ababa yenyewe, jiji linalozidi kung'aa kila mwaka. Kwa kufundishia panafaa sana, kwa utafiti wa vitu hafifu pana shida. Misri iliyajua hayo mapema: taa za Cairo ziliifukuza astronomia kutoka Helwan, na darubini ya mita 1.88 ikajengwa Kottamia jangwani, ikaanza kazi mwaka 1964. Kwa redio adui ni minara ya simu. Kaunti inayotaka kulinda anga yake ingeanza sasa, wakati bado hakuna cha kubomoa.

Na wakati watu wanasubiri chombo, wafanye nini? Wafanye sayansi. Orodha ya setilaiti ya Gaia ina nyota zipatazo bilioni 1.8, na yeyote anaweza kuipakua bure. Hifadhi za NASA ziko wazi vilevile. Mhadhiri mmoja na wanafunzi wanne wenye kompyuta za wastani na umeme usiokatika wanaweza kuchapisha utafiti halisi mwaka huu. Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kujua nani ana kipaji kabla ya kumwaga zege, na inashangaza kwamba mikakati mingi huitaja katika aya ya mwisho. Wanaodai kwamba bila darubini ya taifa hakuna astronomia wanatetea jengo.

Siku mgeni atakapokuja na darubini yake, na atakuja, mkataba uwe tayari. Chile haikujenga darubini nyingi za mabilioni zilizoko Atacama. Ilichofanya ni kusisitiza kwamba asilimia 10 ya muda wa kutazama iwe ya wanaastronomia walio katika taasisi zake. Asilimia hiyo, iliyoshikiliwa kwa miaka, ndiyo iliyokuza jamii ya watafiti wa Chile, kwa sababu vyuo vililazimika kuajiri watu wa kuutumia muda huo. Linganisha na Ngomeni ya 1970.

Umma nao haujakosa hamu. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na kuacha pete ya mwanga, watu kwa maelfu walikusanyika Rujewa, Mbeya, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa amehangaika muda mrefu kuwaandaa Watanzania kwa siku hiyo. Nchini Kenya, Susan Murabana na mwenzake Chu Owen wamezungusha darubini mashuleni, hadi vijiji ambavyo havina maabara. Na kila Ramadhani pwani nzima hubishana juu ya mwezi mwandamo. Uamuzi ni wa Kadhi na masheikh, hauwahusu wanafizikia. Lakini jedwali la kila mwezi, linaloonyesha mwezi utakuwa digrii ngapi juu ya upeo wakati wa magharibi Lamu, Mombasa na Unguja, na kama jicho linaweza kuuona, lingeweza kutolewa na mtu mmoja mwenye kompyuta. Taasisi inayotoa jedwali hilo kwa miaka 10 bila kukosea haitaulizwa tena kama tutakula nyota.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Kenya ni hii: isitangaze darubini mpya katika miaka 10 ijayo. Imalize Longonot, na isiizindue kabla fedha za uendeshaji wa muongo mzima hazijawekwa kando kama zilivyowekwa kwa SALT. Na kabla hata ya hilo, iajiri wanaastronomia watatu na wahandisi wawili, kwa ajira ya kudumu, kutoka kwa vijana ambao tayari wana shahada. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo kuliko ya magari machache ya wakubwa, na nafasi hizo tano zinaweza kuingizwa katika bajeti ya Juni ijayo.